Dawa ya usingizi ni kulala

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika, na mmoja akauliza kama nimeoa. Hapana. Nilikuwa Dodoma kwenye Bunge la Bajeti, na anayelijua Bunge la Bajeti hataniuliza swali la pili.

Nilipanga chumba Kikuyu. Msije mkadhani nilivuka mpaka kwenda Kenya. Kikuyu hii ni ya Dodoma mjini, kule kilipo Chuo Kikuu cha St. John's, ambacho kilianza mwaka 2007 kwenye majengo yaliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mazengo. Mwezi wa sita huko kuna upepo na baridi ambayo mtu wa Dar kama mimi hulala na soksi. Nasema "hulala" kwa mazoea tu. Ukweli ni kwamba sikulala.

Ratiba yenyewe ilikuwa hivi. Saa tatu asubuhi kikao kinaanza. Mchana mapumziko, ambayo kwa mwandishi ni muda wa kumkimbiza mbunge koridoni. Jioni kikao tena. Usiku ndipo unaandika habari ya gazeti, halafu habari ya tovuti, halafu unasoma hotuba ya wizara ya kesho ili usiingie ukumbini kama mgeni harusini. Nikigusa kitanda ni saa nane au tisa za usiku. Saa kumi na mbili simu inalia. Kilichonibeba ni kahawa: vikombe viwili asubuhi kwenye kijiwe cha jirani, viwili jioni, na usiku ile ya unga kwenye chupa ya chai niliyonunua sokoni.

Nilijiona mjanja. Siku ya kwanza hadi ya tatu nilikuwa mkali kuliko wote pale kwenye jukwaa la waandishi. Siku ya tisa nikaandika kwamba mradi wa maji wa kijiji kimoja umetengewa shilingi bilioni 4.6. Kitabu cha wizara kilichokuwa mezani kwangu kilisema milioni 460. Nilikuwa nimekisoma mara mbili. Macho yalikuwa wazi, kahawa ilikuwa pembeni inafuka moshi, na mkono ukaandika namba ambayo haipo popote duniani. Mhariri naye akaamini, kwa sababu namba zangu huwa hazina shida.

Kesho yake nilipigiwa simu na diwani wa kata ile. Hakunitukana, na ndiyo maana sijamsahau. Alisema tu kwamba wananchi wamekaa nje ya nyumba yake tangu asubuhi, wanataka kujua nyingine zimekwenda wapi. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi niwajibu nini?" Gazeti liliomba radhi siku iliyofuata, kwenye kona ya ukurasa wa ndani ambayo sidhani kama hata mmoja wa wale waliokaa nje ya nyumba yake aliisoma.

Jioni hiyo nilikwenda kijiweni Kikuyu. Mzee anayeuza kahawa pale ni mtu wa Kondoa. Nikamwamkia, nikanywa vitatu mfululizo, nikanyoosha mkono kuomba cha nne. Akalivuta birika upande wake.

"Umelala lini?"

"Jana, mzee."

"Saa ngapi?"

Nikanyamaza. Akasema, "Dawa ya deni ni kulipa. Dawa ya usingizi unaijua, sitakuambia." Kikombe cha nne hakunipa. Muuza kahawa anakataa hela! Nilirudi chumbani nikiwa nimekasirika, nikalala saa kumi na moja bila kuvua viatu. Nilipoamka ndipo nikaanza kusoma. Nilitaka kujua sisi binadamu tumeanza lini kuukimbia usingizi kwa kikombe, na kama kuna yeyote aliyewahi kushinda mbio hizo. Hiki ndicho nilichokipata.

Mti wa kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia, lakini kinywaji chenyewe kinaingia kwenye historia iliyoandikwa kupitia Yemeni, karne ya 15. Mwandishi Abd al-Qadir al-Jaziri, aliyeandika kitabu chake kuhusu kahawa mwaka 1558, anamtaja mwanachuoni wa Aden, Jamal al-Din al-Dhabhani, kuwa ndiye aliyeieneza kahawa kwa Masufi wa huko. Kazi yake ilikuwa moja: kuwaweka macho wakati wa dhikri ya usiku. Kwa hiyo wale mnaodhani kukesha kwa kahawa kumeletwa na wanafunzi wa chuo wanaosubiri mitihani, mmechelewa kwa zaidi ya miaka 500.

Ila soma vizuri walikesha vipi. Masufi wa Yemeni waliokuwa Cairo, karibu na msikiti wa Al-Azhar, walikunywa kahawa yao usiku wa kuamkia Jumatatu na usiku wa kuamkia Ijumaa. Waliichota kwenye chombo kikubwa cha udongo mwekundu, kiongozi wao akiwagawia mmoja baada ya mwingine. Siku mbili kwa wiki, pamoja, kwa kipimo alichoshika mtu mwingine. Mimi nilikuwa nakesha siku saba, peke yangu, na chupa ya chai nimeishika mwenyewe.

Kinywaji hicho kilizua ugomvi mapema. Mwaka 1511 Khair Beg, ofisa wa serikali mjini Makka, aliipiga marufuku kahawa. Haikuchukua muda amri ile ikalegezwa kutoka Cairo. Kilichowatia wakubwa wasiwasi, mbali na hoja za dini, kilikuwa watu kukaa pamoja usiku wakinywa na kuzungumza. Nadhani wasiwasi huo tunaufahamu hata sisi wa kizazi hiki.

Kutoka Arabuni kahawa ilitufikia Waswahili na majina yake yote mawili. Kahawa ni qahwa ya Kiarabu. Buni, zile punje zenyewe, ni bunn. Na angalieni lugha yetu ilivyo na utani: buni ni punje ya kahawa, na kubuni ndiyo dhambi kubwa kuliko zote kwa mwandishi wa habari. Mimi nilianza na ya kwanza nikaishia kwenye ya pili.

Pwani, kahawa haikuwekwa kuwa chombo cha kazi. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, pale Jaws Corner, au kaa baraza yoyote ya Mombasa au Lamu. Kahawa ni chungu, kikombe ni kidogo kama cha mtoto wa kuchezea, pembeni kuna kashata au tende. Watu wanabishana mpira na siasa, kisha wanakwenda kulala. Anayekunywa pale hana ripoti ya kupeleka usiku huo.

Lakini sisi watu wa bara tulikuwa na kahawa yetu kabla ya birika la pwani kutufikia. Kule Bukoba na Karagwe, Wahaya hawakuinywa, waliitafuna. Ni kahawa ya robusta, ambayo kwa kawaida ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Huchumwa, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa. Mgeni alipokewa kwa punje chache, na msafiri alizitafuna njiani zimpunguzie uchovu na njaa. Hata udugu wa kuchanjiana ulifungwa kwa buni: tunda moja lina punje mbili, kila mmoja anapewa yake ikiwa na tone la damu ya mwenzake. Rafiki yangu mwandishi ambaye kwao ni Bukoba huja nazo Dodoma mfukoni hadi leo. Ukimwomba, anakupa mbili tu. Nilidhani ni ubahili.

Richard Burton, yule Mwingereza, aliandika habari za kahawa hiyo ya Karagwe ya kutafuna katika kitabu chake cha mwaka 1860. Yeye mwenyewe hakufika Karagwe. Habari za huko alizipata Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kwa wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa na mashamba na kahawa zao. Na ili kufika Kazeh ilibidi apite hapahapa kwetu, Ugogo.

Hapo ndipo historia inapogusa ardhi ninayoikanyaga nikienda bungeni. Misafara ya karne ya 19 iliyokwenda bara ilipita Ugogo kwa njia ngumu. Mashariki kulikuwa na nyika isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali, magharibi kulikuwa na Mgunda Mkali. Ili kuvuka sehemu kama hizo wapagazi walifanya kilichoitwa terekeza: kuondoka mchana jua likiwa kali, kutembea hadi giza, kulala pasipo maji, na kuanza tena alfajiri hadi maji yapatikane. Kichwani au begani kuna mzigo wa pembe au wa vitambaa. Kahawa ilikuwa ya bwana hemani, na uchovu ulikuwa wa mpagazi. Nilipousoma mpangilio ule nilisimama kidogo, kwa sababu sina hakika kama umekwisha.

Baadaye kahawa yenyewe ikawa mzigo. Mwaka 1898 wamisionari Wakatoliki wa Kilema, Kilimanjaro, walipanda arabika. Wachaga wakaichukua wakaifanya yao. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU. Watoto walisoma kwa kahawa, nyumba za bati zilijengwa kwa kahawa. Ila kahawa yenyewe ilipanda meli. Hadi leo sehemu kubwa kabisa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje, nasi tunabaki na kiasi kidogo cha kunywa. Tunalima ili wengine wakae macho.

Na hao wengine walikuwa na sababu. Viwanda vilipokuja Ulaya na Marekani, siku ya kazi iliacha kufuata jua ikaanza kufuata saa ya ukutani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, kahawa ilikuwa kwenye mgao rasmi wa askari wa Kaskazini. Hapa kahawa imebadilika kazi. Sufi alijichagulia kukesha. Askari na mfanyakazi walichaguliwa na mtu mwingine.

Sayansi nayo ilikuwa njiani. Mwaka 1819 Mjerumani kijana, Friedlieb Ferdinand Runge, alifanikiwa kuitenga kafeini peke yake baada ya kupewa punje za kahawa na mshairi Goethe. Jinsi inavyofanya kazi ilikuja kueleweka baadaye sana, katika nusu ya pili ya karne ya 20. Nitajaribu kuieleza kwa lugha ya stendi. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kwenye ubongo. Ina vituo vyake. Ikitua kwenye vituo hivyo ubongo unapunguza kasi, unaanza kupiga miayo. Kafeini inafanana nayo kiasi cha kuweza kuegesha kwenye vituo hivyohivyo, ila yenyewe haipunguzi kasi. Ni kama bajaji zimejaa kituoni, daladala hazina pa kusimama. Lakini daladala hazijaondoka! Zinazunguka, na nyingine zinaongezeka. Bajaji zikitoka, zote zinaingia kwa mpigo. Nusu ya kafeini uliyokunywa huwa imetoka mwilini baada ya kama saa tano, ingawa watu wanatofautiana. Maana yake kahawa ya saa mbili usiku bado imeegesha pale unapotafuta usingizi saa saba.

Mzee wa Kondoa hajasoma adenosini. Ila deni anavyolieleza ni sahihi.

Waliojaribu zaidi kulikwepa deni hilo ni wanajeshi, kwa sababu wao hawana la kufanya, lazima wakeshe. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti kwa vijana 68 waliokuwa kwenye mafunzo ya kikosi maalumu cha majini cha Marekani. Waliwekwa saa 72 karibu bila kulala, wakapewa kafeini ya miligramu 100, 200 au 300, wengine wakapewa kidonge kisicho na kitu. Kafeini ilisaidia kweli. Waliopewa 200, ambayo ni kama vikombe viwili vya kawaida, waliona haraka na kujibu haraka. Lakini kwenye shabaha, kulenga na kupiga, haikuwaongezea kitu. Macho yaliamka, mkono ukabaki palepale.

Nilipofika hapo nilikumbuka bilioni 4.6.

Kisha nikasoma utafiti mwingine wa taasisi ya jeshi la Marekani, Walter Reed, uliochapishwa mwaka 2017. Watu 48 waliruhusiwa kulala saa tano tu kwa usiku, kwa siku tano. Nusu yao walipewa miligramu 200 za kafeini mara mbili kwa siku. Siku za mwanzo walifanya vizuri kuliko wenzao. Baada ya usiku wa tatu tofauti ikafutika. Kahawa ileile, kipimo kilekile, faida hakuna. Mimi nilikuwa mkali siku tatu. Nilidhani ni kipaji changu kimeisha, kumbe hesabu ilikuwa inajulikana.

Sasa mtaniuliza, tuache kahawa? Mimi siachi. Kwa usiku mmoja inasaidia, na watafiti wa Loughborough, Uingereza, Reyner na Horne, walionyesha mwaka 1997 njia ya kuitumia vizuri. Madereva wenye usingizi walipokunywa kahawa kisha wakalala chini ya dakika 15, waliendesha vizuri kuliko waliokunywa kahawa bila kulala. Kahawa inahitaji kama nusu saa kushika, na usingizi mfupi unapunguza foleni kituoni. Kwa kiasi, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, na mjamzito asipite 200.

Lakini hoja yangu haiko kwenye vipimo. Mwaka 2004 Bunge hilohilo ninaloliripoti lilipitisha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Inasema saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, na mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja na nyingine. Saa kumi na mbili! Nilicheka peke yangu chumbani. Wengi wetu vijana tunalipwa kwa habari, hatuna mkataba wa kudumu, na asiyekesha nafasi yake inachukuliwa na anayekesha. Hakuna aliyeniamuru kunywa kahawa. Nilijinunulia mwenyewe, kwa hela yangu, ili nifiche pengo ambalo sheria ilitaka lionekane.

Na mimi nikikosea naandika namba mbaya. Kuna wanaokosea na watu 60 nyuma yao. Mabasi ya usiku yalizuiwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2023 serikali ikayaruhusu tena. Kwa biashara ni jambo jema, na mimi mwenyewe nimeyapanda. Lakini usiku Dodoma ukiona malori na mabasi ya kwenda Singida na Mwanza yamesimama, dereva anashuka, anakunywa kahawa mbili za haraka au anafungua kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, anarudi kwenye usukani. Sisi abiria tunafurahi: dereva wetu yuko macho. Swali alilouliza mzee wa Kikuyu hatumuulizi. Umelala lini?

Nilirudi kijiweni kabla ya Bunge kuahirishwa. Nilikunywa viwili, nikalipa, nikaaga. Mzee akasema, "Leo una uso." Yule diwani nilimpigia pia, nikaenda mwenyewe kijijini na kile kitabu cha wizara, nikakaa na wananchi mbele ya nyumba yake, nikawasomea milioni 460 kwa sauti. Bibi mmoja akauliza kwa nini niliandika ile nyingine. Nikasema, "Bibi, sikuwa nimelala."

Akanitazama muda, akasema, "Na aliyekuwa anakusimamia, naye hakulala?"

Sikuwa na jibu. Nawaachia ninyi. Wewe unayesoma hii usiku wa manane kikombe kikiwa pembeni: unayemkeshea, yeye sasa hivi amelala au yuko macho?